Mgandamizo Mdogo, Upepo Mkali: Jinsi ya Kuisoma Ramani ya Hali ya Hewa

Kila habari za kimbunga zinapoanza kusambaa, ramani husambaa pamoja nazo: mistari iliyojikunja kama alama za vidole, herufi moja kubwa katikati, mishale, rangi nyekundu na zambarau, na maelezo mafupi kwamba kuna "mgandamizo mdogo wa hewa" baharini. Wapokeaji wengi hupotea kwa njia mbili. Wapo wanaosikia neno "mdogo" wakashusha pumzi, kwa kudhani kwamba kitu kidogo hakiwezi kuleta madhara makubwa. Na wapo wanaoona rangi nyekundu imefunika eneo wanakoishi wakaamini kwamba kimbunga kimeshawafikia, ilhali rangi hiyo huenda inaonyesha jambo jingine kabisa, pengine joto, pengine kasi ya upepo ulio kilomita kadhaa juu ya vichwa vyao. Kosa halipo kwenye ramani. Ramani hizi zina lugha yake, lugha yenye kanuni chache, na kanuni hizo zinaweza kueleweka na mtu yeyote bila hesabu ngumu.

Tuanze na neno lenyewe. Mgandamizo wa hewa, ambao vitabu vya fizikia huuita kanieneo na wengine huuita shinikizo, unatokana na uzito wa safu yote ya hewa iliyo juu ya mahali fulani, kuanzia hapo hadi mwisho wa angahewa. Hewa haionekani, lakini ina uzito, na uzito wake si haba: kwenye usawa wa bahari, kila sentimita moja ya mraba hubeba takribani kilo moja ya hewa, kwa hiyo kiganja kilichokunjuliwa hubeba kilo 100 hivi. Hatuelemewi kwa sababu hewa husukuma kutoka pande zote kwa nguvu ileile, chini ya kiganja kama juu yake. Mwaka 1643 Mwitalia Evangelista Torricelli alionyesha kwamba uzito huo unaweza kusimamisha zebaki ndani ya mrija wa kioo hadi kimo cha sentimita 76 hivi, na hiyo ndiyo ikawa barometa ya kwanza. Miaka mitano baadaye, mwaka 1648, Florin Périer alipanda na mrija kama huo mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa kwa ombi la shemeji yake, Blaise Pascal, akakuta kwamba kileleni zebaki ilisimama chini kuliko ilivyosimama bondeni. Sababu ni nyepesi: anayepanda mlima anaacha sehemu ya hewa chini yake, na hewa iliyobaki juu yake ni pungufu.

Jina la Pascal ndilo lililobaki kwenye kipimo. Namba za kwenye ramani husomwa kwa hektopaskali, kwa kifupi hPa, na hektopaskali moja ni sawa kabisa na milibari moja ya zamani, kwa hiyo anayekutana na "mb" asihangaike kubadili chochote. Wastani wa dunia kwenye usawa wa bahari ni hPa 1013.

Hapa ndipo linapojitokeza jambo la kwanza linalowachanganya watu wenye simu zenye barometa. Karibu na usawa wa bahari, mgandamizo hupungua kwa takribani hektopaskali moja kwa kila mita 8 za kupanda. Mtu anayeishi mita 1,600 juu ya bahari atasoma kwenye kifaa chake karibu hPa 840, kisha atafungua ramani na kukuta mji wake umeandikiwa 1016, na atajiuliza ni nani kati ya hao wawili anayesema uongo. Hakuna. Kama ramani ingechorwa kwa vipimo vilivyo ghafi, ingeonyesha milima na mabonde tu, na hali ya hewa ingefichika chini yake. Kwa hiyo kila kituo hukokotoa mgandamizo ambao ungesomwa kama kituo hicho kingekuwa kwenye usawa wa bahari, na ni namba hiyo iliyosahihishwa inayowekwa kwenye ramani.

Namba zikishawekwa, mchoraji huunganisha sehemu zote zenye mgandamizo sawa kwa mstari mmoja. Mstari huo huitwa isoba. Katika ramani nyingi isoba huchorwa kila baada ya hektopaskali 4, yaani 1008, 1012, 1016 na kuendelea, na zinafanya kazi ileile inayofanywa na mistari ya kontua kwenye ramani ya milima. Anayejua kwamba kontua zilizosongamana ni dalili ya mteremko mkali tayari ana nusu ya ujuzi anaouhitaji, kwa kuwa isoba nazo huchora milima na mabonde, ila ni milima na mabonde ya hewa. Pale isoba zinapozunguka sehemu ambayo mgandamizo wake ni mkubwa kuliko ule wa pande zote zinazoizunguka, katikati huandikwa herufi ya mgandamizo mkubwa. Pale zinapozunguka sehemu iliyopungukiwa, huandikwa herufi ya mgandamizo mdogo. Herufi hutegemea lugha ya aliyeichora ramani: Waingereza na Wamarekani hutumia H kwa mkubwa na L kwa mdogo, Wafaransa A na D, Wahispania na Wareno A na B, Wajerumani H na T.

Katika maelezo hayo neno la kuangaliwa ni "kuliko". Hakuna namba maalumu ambayo chini yake mgandamizo huitwa mdogo na juu yake ukaitwa mkubwa. Sehemu yenye hPa 1010 inaweza kuwa kilima cha hewa ikiwa majirani wake wana 1004, na sehemu hiyohiyo ingekuwa bonde kama majirani wangekuwa na 1018. Chukua madumu mawili ya maji yaliyounganishwa kwa mpira chini. Maji hayatiririki kwa sababu dumu moja lina maji mengi. Yanatiririka kwa sababu moja lina maji mengi kuliko jingine, na kadiri tofauti inavyokuwa kubwa ndivyo yanavyokwenda kwa nguvu. Upepo ni hewa inayotiririka kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo mtu anayetafuta upepo kwenye ramani asitazame namba iliyoandikwa katikati. Atazame nafasi iliyopo kati ya isoba na isoba. Zikikaribiana, tofauti imebanwa katika umbali mfupi na upepo ni mkali. Zikiachana, upepo ni mwanana. Na tofauti yenyewe, tukumbuke, ni ndogo ajabu: hektopaskali 4 ni chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito wa hewa iliyo juu yetu, nayo ikibanwa vya kutosha inatosha kung'oa miti.

Sasa anayefuata mfano wa madumu atatarajia upepo uvume moja kwa moja kutoka kwenye mgandamizo mkubwa kuelekea mdogo, ukikata isoba kama maji yanavyoshuka mlimani. Atakapoitazama mishale ya upepo kwenye ramani, atashangaa kuona inakwenda karibu sambamba na isoba, ikizizunguka zile herufi badala ya kuziendea. Mwingilio huo unaletwa na mzunguko wa dunia. Hewa inaposafiri safari ndefu, dunia inaendelea kuzunguka chini yake, na kwa sisi tuliosimama juu ya dunia hiyo njia ya hewa huonekana imepinda. Anayetaka kuliona jambo hili aweke sinia juu ya kitu kinachozunguka, kisha avingirishe gololi kutoka katikati kwenda ukingoni: gololi haiachi kunyooka, lakini alama inayoacha kwenye sinia imepinda. Katika nusu ya kaskazini ya dunia hewa hupindia kulia kwa kuutazama uelekeo wake, na katika nusu ya kusini hupindia kushoto. Athari hii hubeba jina la Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, aliyeandika juu yake mwaka 1835. Inahitaji umbali mrefu na muda mrefu ili ionekane, ndiyo maana ile imani kwamba maji ya sinki huzunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini haina msingi. Kwenye sinki, umbo la beseni na namna maji yalivyomwagwa vina nguvu kuliko dunia nzima inayozunguka.

Kwa hiyo upepo huvutwa na pande mbili: tofauti ya mgandamizo inausukuma kuelekea bonde la hewa, na mzunguko wa dunia unaupindisha. Juu angani, mbali na ardhi, mivuto hiyo miwili husawazika na upepo huishia kufuata isoba. Chini, miti, majengo, vilima na mawimbi huupunguzia mwendo, na mwendo ukipungua nao ule mpindo hupungua, basi upepo hukata isoba kwa mshazari kidogo ukiingia upande wa mgandamizo mdogo, zaidi juu ya nchi kavu kuliko juu ya bahari. Matokeo yake ni ule mzunguko unaojulikana na kila aliyewahi kuona picha ya kimbunga kutoka kwenye setilaiti. Katika nusu ya kusini, hewa huzunguka mgandamizo mdogo kwa mwelekeo wa mishale ya saa huku ikiingia ndani; katika nusu ya kaskazini huzunguka kinyume chake. Mwaka 1857 mtaalamu wa Uholanzi aitwaye Buys Ballot aliifupisha kanuni hii kwa namna ambayo mabaharia waliitumia vizazi hadi vizazi: ukiupa upepo mgongo ukiwa nusu ya kusini ya dunia, mgandamizo mdogo uko mkono wako wa kulia, ukiwa nusu ya kaskazini, uko kushoto.

Hewa inayoingia kutoka pande zote haiwezi kurundikana bila mwisho. Inapokutana katikati hupanda, na ikipanda hupoa, na ikipoa unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Kwenye mgandamizo mkubwa mambo huwa kinyume: hewa hushuka, ikishuka hupata joto na kukauka, na anga husafika. Ndiyo asili ya mazoea ya kusema kwamba mgandamizo mdogo ni mvua na mkubwa ni jua. Mazoea hayo yanafaa, lakini yana mipaka yake. Juu ya Sahara wakati wa kiangazi cha kaskazini hutanda eneo pana la mgandamizo mdogo linalotokana na ardhi kuchemka tu, na mvua haipatikani, kwa kuwa hewa inayopanda pale haina maji ya kutoa. Mgandamizo hutuambia hewa inaelekea wapi. Kama hewa hiyo imebeba maji ni swali jingine, na jibu lake hutegemea imepita wapi kabla ya kufika.

Mishale nayo ina kanuni yake, na wengi huisoma kinyume. Upepo huitwa kwa jina la mahali unakotoka. Kwa Kiswahili hili halipaswi kuwa geni, kwa kuwa kusi ni upepo utokao kusini na kaskazi ni upepo utokao kaskazini, na hakuna baharia aliyewahi kusema kinyume. Kwenye ramani za wataalamu, upepo huchorwa kwa kijiti chenye manyoya kwenye mkia: mkia uko upande unakotoka upepo, unyoya mzima ni noti 10, nusu unyoya ni noti 5, na pembetatu iliyojazwa ni noti 50. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Kijiti chenye pembetatu moja na manyoya mawili mazima, basi, ni noti 70, karibu kilomita 130 kwa saa.

Ile mistari yenye meno ya pembetatu ama nusu duara, ya buluu na nyekundu, ni mipaka baina ya makundi ya hewa baridi na hewa ya joto, fikra iliyojengwa na wataalamu wa Bergen, Norway, mara tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni muhimu sana kwa nchi zilizo mbali na ikweta. Kwa ukanda wa tropiki, ambako hewa ya pande zote ina joto linalokaribiana, haionekani sana.

Na hapa tumefika mahali ambapo maelezo mengi yanayopatikana kwa urahisi huwaacha njiani wasomaji wa ukanda huu, kwa sababu yameandikwa na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya nchi za baridi. Mpindo ule wa dunia haulingani kila mahali. Una nguvu kwenye ncha za dunia, hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta, na kwenye ikweta yenyewe ni sifuri. Maana yake ni kwamba isoba zilizoachana kwa umbali uleule haziashirii upepo uleule: kwa hesabu ya mizani ile ya mivuto miwili, nafasi ambayo kwenye latitudo 60 huashiria upepo wa kasi fulani, kwenye latitudo 20 huashiria upepo wenye kasi mara mbili na nusu ya ule. Anayelinganisha ramani ya Ulaya na ya tropiki kwa jicho tu atadanganyika. Na karibu kabisa na ikweta mizani hiyo huvunjika, isoba huwa chache na zilizolegea, na ramani ya mgandamizo inabaki karibu tupu hata siku ambayo mvua kubwa inanyesha.

Hali hiyo inazidishwa na mdundo wa kila siku. Katika tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji ya bahari: hufika juu saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka hadi chini saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Chanzo chake ni jua linavyoipasha joto angahewa, na tofauti kati ya juu na chini hufika hektopaskali kadhaa. Mtu anayetazama simu yake asubuhi na kuitazama tena jioni ataona imeshuka kwa hektopaskali 3 na huenda akatangaza dhoruba, wakati ni siku ya kawaida kabisa. Mabaharia wa tropiki walijifunza kuuondoa kwanza mdundo huu kwenye hesabu. Kipimo kilichosahihishwa kikiwa chini ya wastani wa msimu kwa hektopaskali 3, walishuku kimbunga. Kikiwa chini kwa 5 au zaidi, hawakuwa na shaka tena.

Kwa ukanda wa ikweta, ramani inayosema zaidi ni ile ya njia za upepo: mistari yenye vichwa vya mishale inayofuata mwelekeo wa hewa, bila kujali mgandamizo. Kwenye ramani hiyo msomaji hutafuta mambo mawili. Mistari inapokutana, hewa inarundikana na lazima ipande, kwa hiyo mvua inatarajiwa. Mistari inapotawanyika, hewa inashuka kuziba pengo na ukavu unatarajiwa. Ukanda wa makutano ya pepo za kaskazini na kusini, unaofuata jua kwenda kaskazini na kurudi kusini kila mwaka, ndio unaobeba misimu mingi ya mvua ya tropiki.

Mfano ulio bora kuliko yote wa mambo haya yakifanya kazi pamoja ni pepo za Bahari ya Hindi. Kusi inapovuma, kilima kikubwa cha hewa kimesimama kusini mwa bahari hiyo, karibu na visiwa vya Mascarene, na bonde limefunguka juu ya Asia iliyopata joto. Hewa hutoka kusini-mashariki, inavuka ikweta, na ikishavuka mpindo wake hugeuka kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo upepo uleule hufika Uarabuni na India ukitoka kusini-magharibi. Kaskazi inapovuma, Asia imepoa na kilima kimehamia huko. Hewa hutoka kaskazini-mashariki, inavuka ikweta kwa upande wa pili na kupindia kushoto, ikawa upepo wa kaskazini-magharibi. Majahazi yalifuata mgeuko huu kwa karne nyingi kabla mtu yeyote hajachora isoba.

Ukosefu wa mpindo ndio pia unaoeleza kwa nini vimbunga ni nadra sana kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za ikweta: hewa hukimbilia bonde na kulijaza kabla haijaanza kuzunguka. Lakini hilo lisimpe mtu usalama wa uongo. Kimbunga kilicho kilomita mamia kadhaa mbali kinaweza kugeuza upepo wa eneo zima, kikavuta unyevu na kuleta mvua mahali ambapo chenyewe hakitafika, au kikauondoa unyevu na kuacha ukavu.

Ramani zinazotembea kwenye simu, zenye michirizi na rangi, zinahitaji swali moja kabla ya kuaminiwa: huu ni upepo wa kimo gani? Programu nyingi humruhusu mtumiaji kuchagua, na kimo hutajwa kwa mgandamizo unaopatikana hapo. Akichagua 850 hPa anatazama upepo ulio mita 1,500 hivi juu ya bahari. 500 hPa ni mita 5,500 hivi, ambako nusu ya hewa yote ya dunia iko chini. 250 hPa ni zaidi ya mita 10,000, ambako upepo wa kilomita 150 kwa saa ni jambo la kawaida na ndege hupita humo kila siku. Picha ya kimo hicho ikitumwa kama picha ya upepo wa ardhini, inatisha bure. Kwenye ramani hizo za juu hata mistari si isoba tena. Inaonyesha kimo ambacho mgandamizo huo unapatikana, ndiyo maana kwenye ramani ya 500 hPa namba huweza kufika 5,880, yaani mita, na watu huzisoma vibaya. Tena ni picha za ukokotozi wa kompyuta za saa fulani ijayo, kwa saa za kimataifa, kwa hiyo tarehe na saa iliyoandikwa pembeni ni sehemu ya taarifa.

Turudi kwenye kimbunga tulichoanza nacho. Mgandamizo wa chini kabisa uliowahi kupimwa kwenye usawa wa bahari ndani ya kimbunga ni hPa 870, katika kimbunga Tip, magharibi mwa Pasifiki, Oktoba 1979. Kwenye ramani ya kimbunga kikali isoba huwa duara ndani ya duara, zikizidi kubanana kadiri zinavyokaribia katikati, na upepo mkali kuliko wote uko kwenye pete ile ya mwisho iliyobanana zaidi. Ndani ya pete hiyo kuna jicho. Hapo ndipo namba ilipo ndogo kuliko zote, na hapo hapo upepo hutulia, wakati mwingine mbingu ikaonekana, kwa sababu ndani ya jicho mgandamizo haubadiliki sana kutoka hatua hadi hatua na hakuna tofauti ya kuusukuma upepo. Utulivu huo unaweza kuwa wa dakika chache au zaidi ya saa moja. Walio chini yake hutoka nje kuangalia hasara, ilhali upande wa pili wa pete uleule wenye isoba zilizobanana ungali unakuja, na utakapofika upepo utavuma kutoka upande ulio kinyume na ule wa mwanzo, kwa ukali uleule.